Sakafu Juu ya Vichwa Vyetu



Hivi karibuni nilipata barua kutoka wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera. Aliyeiandika ni mwalimu mstaafu, na jina lake nitalihifadhi kama alivyoomba. Anasema kiinua mgongo chake, baada ya kusomesha watoto na kulipa madeni, kimebaki cha kutosha kujenga jengo la ghorofa moja kando ya barabara kuu, si mbali na njia panda ya Nyakanazi. Chini anataka maduka manne, juu vyumba vya wageni. Kuta za chini zimekwisha kupanda. Sasa amefika kwenye sakafu ya juu, na hapo ndipo alipokwama, kwa sababu mafundi wake wawili hawasemezani.

Fundi mzee anataka kazi ifanyike kama ilivyozoeleka: zipangwe mbao, zisimamishwe juu ya mirunda, isukwe nondo, limwagwe zege palepale juu. Fundi kijana, ambaye amefanya kazi miji mingine, anataka jambo jingine. Anasema zitengenezwe boriti nyembamba za zege hapo uwanjani, zikauke chini, kisha zipandishwe zilazwe kutoka ukuta hadi ukuta. Katikati ya boriti zipangwe bloku za matundu, na juu yake limwagwe zege jembamba la kuunganisha. Fundi mzee aliposikia hayo alitupa mwiko akasema kwamba sakafu ya vipande huishia kuwa kaburi la vipande.

Mwalimu anaimaliza barua yake hivi: nani mkweli kati ya hawa wawili? Fedha ni hizi hizi, hakuna nyingine, na watakaolala humo ni watoto wa watu.

Nilipoisoma barua hiyo niliona kwamba swali lake si la Nyakanazi peke yake. Ni la Ngara mjini, la Kabanga, la Rulenge, la Benaco na la kila mji mdogo katika nchi yetu ambao zamani ulikuwa wa nyumba za chini na leo umeanza kupanda juu. Kadhalika ni swali lako wewe unayeishi Kariakoo au Buguruni na kulala kila usiku chini ya sakafu ya mtu mwingine bila kujua inashikwa na nini. Basi leo naomba tuizungumze historia ya sakafu, maana ugomvi wa mafundi wale wawili ni mkubwa na wa zamani kuliko wao wenyewe wanavyodhani.

Hebu tuanze na hesabu ndogo. Chukua chumba cha mita 4 kwa mita 5. Mwaga juu yake zege lenye unene wa sentimita 15. Kila mita moja ya mraba ya zege hilo ina uzito wa kilo 360 hivi. Chumba kizima kitakuwa na zege la zaidi ya tani 7. Na zege linapomwagwa ni uji. Uji haujibebi. Tani zile zote zinabebwa na mbao, na mbao zinabebwa na miti iliyosimamishwa chini yake, ile tunayoiita mirunda. Zege huhitaji siku 28 kufikia nguvu iliyokusudiwa, na hata fundi mwenye haraka hathubutu kuing'oa mirunda yote kabla ya wiki mbili au tatu. Chumba kimoja tu kinaweza kumeza mirunda 30 au 40. Ukiingia chini ya sakafu iliyomwagwa jana utadhani umeingia msituni.

Sasa, ndugu msikilizaji, mirunda hiyo inatoka wapi? Hapo ndipo Ngara inapoingia katika mazungumzo yetu.

Wengi wetu tunakumbuka mwisho wa Aprili 1994. Katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakikimbia mauaji ya Rwanda. Daraja lenyewe lilikuwa jembamba, la mwaka 1972, lenye njia moja. Watu hao walikaa Benaco, mahali ambapo jina lake lilitokana na kampuni ya ujenzi wa barabara iliyokuwa imepiga kambi hapo. Kwa muda mfupi kambi ya mafundi wa barabara ikawa moja ya makazi makubwa kabisa ya watu katika nchi yetu. Watu hao walihitaji kupika, na walihitaji miti ya kusimamishia vibanda. Ilikadiriwa kwamba makambi ya Kagera yalikuwa yakichoma kuni zaidi ya tani 1,000 kwa siku. Wakimbizi waliporudi kwao mwishoni mwa 1996, vilima vingi vya Ngara vilibaki vipara, na wakina mama wa vijiji vya jirani walikuwa wakitembea saa nyingi kutafuta mzigo mmoja wa kuni.

Miti mingi imepandwa tangu wakati huo. Lakini ukipita leo njia ya Lusahunga hadi Rusumo utaona tena malori ya miti myembamba, mikaratusi na misindano ambayo haijakomaa, ikienda kushikilia zege la mtu kwa wiki tatu na kisha kuwa kuni. Ghorofa moja si neno. Ghorofa mia ni msitu. Kwa hiyo fundi kijana aliposema boriti zimwagwe chini, hata kama hakujua, alikuwa akigusa jambo ambalo Ngara inalijua kwa uchungu. Sakafu ya boriti na bloku huhitaji mstari mmoja au miwili tu ya mirunda katikati ya chumba, kwa sababu boriti imekwisha kuwa ngumu kabla ya kupandishwa. Inajibeba yenyewe kwa sehemu kubwa, na inabeba bloku zilizokaa juu yake.

Je, ni jambo geni? La hasha. Wazee wetu wa pwani walikuwa na sakafu ya vipande karne nyingi kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kufika. Nenda Mji Mkongwe wa Unguja, au Lamu, au Mombasa ya zamani. Inua macho ndani ya nyumba ya ghorofa. Utaona boriti za mikoko zimepangwa sambamba kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake mawe ya matumbawe na chokaa iliyopondwapondwa mpaka ikashikana. Kila boriti ilikatwa kwingine, Rufiji au visiwani Lamu, ikapanda jahazi ikiwa tayari. Biashara ya boriti hizo ilifika hadi Uarabuni na Ghuba, kwenye nchi zisizo na miti. Ndiyo maana vyumba vya nyumba zile, Zanzibar na hata ng'ambo, ni virefu lakini vyembamba. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa mkoko, ambao ni mita 3 hivi. Mwenye nyumba angeweza kuwa tajiri kama Sultani, lakini mkoko haukujua utajiri wake.

Huku bara ziwani, mambo yalikuwa mengine. Msonge wa Kagera ulikuwa nyumba kamili yenye akili nyingi, lakini hauna ghorofa la kukalika. Hata Wajerumani walipojenga boma lao pale Biharamulo walitegemea kuta nene. Kwa hiyo mwalimu wangu na mafundi wake ni watu wa kizazi cha kwanza au cha pili katika sehemu zao kuweka mzigo mzito juu ya vichwa vya watu. Nasema hivi bila dharau. Nasema ili tukumbuke kwamba ujuzi ambao pwani uliingia kwa karne, huko unatakiwa kuingia kwa miaka.

Zege lenye chuma ndani lilianza kwa mtunza bustani. Joseph Monier, Mfaransa, alikuwa akitengeneza vyungu vya maua vya saruji vyenye waya ndani visipasuke, na mwaka 1867 akapata hataza yake. Mwaka 1892 Mfaransa mwingine, François Hennebique, alionyesha namna ya kuunganisha nguzo, boriti na sakafu za zege na chuma ziwe kitu kimoja. Huo ndio mtindo anaoufuata fundi mzee wa Nyakanazi mpaka leo: kila kitu kimwagwe palepale, kishikane kama mifupa ya mwili mmoja.

Lakini haukupita muda watu wakauliza: kwa nini tupandishe uji juu, wakati tunaweza kupandisha mkate uliokwisha kuiva? Mwaka 1905, katika mtaa wa Eldon mjini Liverpool, mhandisi wa jiji John Brodie alijenga nyumba za wafanyakazi kwa vipande vikubwa vya zege, kuta na sakafu, vilivyotengenezwa mahali pengine na kuja kuunganishwa. Hata kokoto alizotumia zilikuwa mabaki ya takataka za mji zilizochomwa. Mwaka 1928 Eugène Freyssinet wa Ufaransa alipata hataza ya jambo jingine kubwa. Alivuta nyaya za chuma kwa nguvu, akamwaga zege kuzizunguka, zege lilipokauka akaziachia. Nyaya zikataka kurudi kwenye urefu wake, na kwa kufanya hivyo zikalibana zege. Ukitaka kuelewa, chukua vitabu kumi, vibane kwa mikono miwili kutoka ncha hadi ncha, uvinyanyue kwa pamoja. Havianguki, kwa sababu umevibana. Kutokana na akili hiyo zilikuja sakafu ndefu zenye matundu ndani, nyepesi, zinazomwagwa na mashine kiwandani na kukatwa kwa msumeno kama mkate.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Ulaya ilikuwa magofu na watu hawakuwa na pa kulala. Raymond Camus wa Ufaransa akapata hataza yake ya majengo ya vipande mwaka 1948. Desemba 1954 Nikita Khrushchev alitoa hotuba ndefu mbele ya wajenzi wa Urusi akiwakemea kwa madoido na akiwataka wahamie kwenye vipande vya kiwandani. Ujerumani Mashariki nayo ikafuata. Wajerumani hao ndio waliokuja Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964 na kusaidia majengo ya Kikwajuni na mipango ya Michenzani enzi za Mzee Karume. Ukiyatazama majengo yale marefu ya Michenzani, yamenyooka kama mabehewa ya treni, unaiona sura ya nchi ambako nyumba zilikuwa zikitoka kiwandani kama biskuti.

Mpaka hapo utadhani kwamba fundi kijana ameshinda kesi. Subiri kidogo, maana sasa ni zamu ya fundi mzee kusema.

Tarehe 16 Mei 1968, saa 11:45 alfajiri, mashariki mwa London, mama mmoja aliamka akawasha kiberiti atengeneze chai. Gesi ilikuwa imevuja. Jengo lao, lililoitwa Ronan Point, lilikuwa na ghorofa 22, na watu walikuwa wameanza kuhamia miezi miwili tu kabla. Yeye alikuwa ghorofa ya 18. Mlipuko haukuwa mkubwa sana, na mama mwenyewe alipona. Lakini ulisukuma ukuta wa kipande ukatoka. Ukuta huo ulikuwa ndio unaoshika sakafu ya juu yake. Za juu zikaporomoka, zikaangukia za chini, na pembe nzima ya jengo ikashuka mpaka ardhini. Watu wanne walikufa. Jengo lilikarabatiwa likatumika tena kwa miaka. Mwaka 1986 lilipovunjwa kipande kwa kipande, wataalamu walichungulia ndani ya maungio. Palipotakiwa kuwa na zege walikuta magazeti. Ndiyo, ndugu msomaji, magazeti, kama hili ulilolishika mkononi. Fundi fulani, siku fulani, alikuwa na haraka.

Tarehe 7 Desemba 1988, saa 5:41 asubuhi, ardhi ilitetemeka Armenia, iliyokuwa sehemu ya Muungano wa Kisovieti. Watu wapatao 25,000 walikufa, wengi wao watoto waliokuwa madarasani. Katika mji wa Leninakan, ambao leo unaitwa Gyumri, kulikuwa na majengo 133 ya ghorofa tisa yaliyojengwa kwa nguzo na boriti za vipande, na sakafu za vipande juu yake. Zaidi ya nusu yalianguka kabisa, na karibu yote yaliyobaki yaliharibika vibaya. Sakafu zilikuwa zimelazwa juu ya boriti bila kufungwa sawasawa. Ardhi ilipoyumba, zikateleza zikashuka moja juu ya nyingine kama karata.

Lakini kuna jambo katika mji uleule ambalo fundi mzee hana budi kulisikia. Palikuwa na majengo mengine, nayo ya ghorofa tisa na ya vipande kutoka kiwandani, ila hayo yalikuwa ya kuta kubwa zilizounganishwa na sakafu zake kila upande. Hayo yalisimama. Mji ni mmoja, tetemeko ni moja, na viwanda ni vya serikali ileile. Tofauti ilikuwa kwenye maungio.

Na mtu asiseme kwamba hayo ni mambo ya zamani au ya nchi zilizojenga kwa kulipua. Usiku wa Novemba 14, 2016, New Zealand ilipata tetemeko kubwa. Mjini Wellington kulikuwa na jengo la ofisi la mwaka 2005, lililojengwa na watu wanaoyajua matetemeko tangu utotoni. Fremu ya jengo ilinyooka na kupanuka kidogo, sakafu za vipande zikakosa pa kukalia, na sehemu za ghorofa mbili zikaanguka. Ilikuwa saa 6 usiku, ofisi tupu, na hakuna aliyekufa. Lingekuja saa 4 asubuhi, tungekuwa tunazungumza kwa sauti nyingine.

Miezi miwili kabla ya usiku huo, tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, ilikuwa zamu ya Kagera yetu. Tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga upande wa Missenyi na Bukoba. Watu wasiopungua 17 walipoteza maisha, mamia waliumia, maelfu ya nyumba zilibomoka au kupasuka, na shule kongwe za Ihungo na Nyakato zikafungwa. Nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za chini, za matofali yaliyoshikanishwa kwa udongo, bila mkanda wa zege juu ya kuta. Hazikuwa na ghorofa la kumwangukia mtu. Hebu fikiri zingekuwa nalo. Ngara na Biharamulo ziko katika mkoa uleule, na ardhi haiulizi mpaka wa wilaya.

Aidha, tusimdanganye mwalimu wetu kwamba kumwaga palepale ndiyo kinga. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Hilo lilimwagwa kwa mtindo wetu wa kawaida. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo, asubuhi ya biashara, na zaidi ya watu 20 wakafa. Zege lililomwagwa juu lina siri moja kubwa: ukishalimwaga huwezi kuligeuza ukaliona tumbo lake. Kama mchanga ulikuwa na udongo, kama maji yalizidi, kama nondo zilikanyagwa zikalala chini, utajua siku ya kujua. Boriti iliyomwagwa chini unaweza kuizunguka, ukaigonga, ukaipima, na ikiwa mbovu ukaitupa kabla haijakaa juu ya kichwa cha mtu.

Kwa hiyo mwalimu, jibu langu ni hili. Mafundi wako wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja ameshika nusu. Kijana ni mkweli kuhusu boriti. Mzee ni mkweli kuhusu maungio. Katika visa nilivyovitaja, sakafu za vipande zilizoua watu hazikuua kwa kukatika katikati. Ziliua kwa kutoka mahali pake.

Najua pia kwamba mtu anaweza kuniuliza: haya yanawezekana vipi Biharamulo, ambako hakuna kiwanda? Ni kweli kwamba zile sakafu ndefu za mashine si za kwetu huko. Kutoka Dar es Salaam mpaka Rusumo ni zaidi ya kilomita 1,200, na ukifika unahitaji kreni ya kuzinyanyua. Kufika kwake peke yake kungemaliza kiinua mgongo cha walimu kumi. Lakini boriti na bloku havihitaji hayo. Boriti ya mita 4 inabebwa na wanaume wanne. Tazama jirani zetu wa Ethiopia. Kuanzia miaka ya 2004 na 2005 serikali yao ilianza mpango mkubwa wa nyumba za ghorofa Addis Ababa na miji mingine, na kwa miaka michache zikajengwa zaidi ya laki moja. Sakafu nyingi za nyumba hizo zilikuwa za boriti nyembamba na bloku za matundu, na waliozitengeneza walikuwa vikundi vidogo vya vijana waliofundishwa kazi na kupewa vifaa. Hapa kwetu tunao Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ambao mizizi yake ni kitengo cha utafiti cha mwaka 1971, na ambao umezunguka nchi nzima ukifundisha tofali za kufungamana. Vijana wa Ngara na Biharamulo walioweza kujifunza tofali hizo hawashindwi kujifunza boriti.

Basi mwalimu, ukiamua kumfuata kijana, mfuate kwa masharti ya mzee. Kwanza, mtafute mhandisi aliyesajiliwa akuchoree na kukupimia nondo, usikubali nondo ya kukisia kwa jicho. Ada yake ni ndogo kuliko jeneza moja. Pili, boriti zimwagwe kivulini na zimwagiliwe maji kila siku kwa wiki nzima au zaidi, zisikaushwe kwa jua kama dagaa. Tatu, chukua boriti moja uilaze juu ya vikalio viwili hapo uwanjani, ipakie mifuko ya mchanga kwa kiasi atakachosema mhandisi, mwite kila fundi aone. Nne, na hili ndilo kubwa, kikalio. Boriti isiguse ukuta kwa vidole tu. Ikae angalau sentimita 10, juu ya mkanda wa zege unaozunguka nyumba nzima na si juu ya tofali tupu, na nondo zake zitokeze ziingie ndani ya mkanda huo. Tano, zege jembamba la juu lenye wavu wa nondo ndani yake limwagwe siku moja pamoja na mkanda, ili ule ukuta, zile boriti na zile bloku viwe mwili mmoja. Hapo utakuwa umepata akili ya Brodie na akili ya Hennebique katika nyumba moja, bila kuwalipa nauli ya kutoka Ulaya. Na ile mirunda michache ya katikati usiitoe mpaka mhandisi aseme.

Na siku ya kumwaga hilo zege la juu, kazi ya kujaza maungio mpe fundi mzee. Mwambie kisa cha Ronan Point na magazeti yale. Mtu aliyetupa mwiko kwa hofu ya kuua ndiye ninayemtaka asimame kwenye maungio, maana hatakubali nafasi hata moja ijazwe makaratasi. Kijana atazame boriti zake, mzee atazame vikalio vyake, na wewe uwatazame wote wawili.

Wewe nawe ndugu msomaji wa mjini, jioni ukirudi nyumbani, inua macho. Uliza sakafu iliyo juu yako imekalia nini. Mwenye nyumba akikasirika kwa swali hilo, hilo nalo ni jibu.

Mwalimu, jengo likiisha niandikie tena. Mungu akinijalia safari ya kwenda Rusumo, nitashuka Nyakanazi nilale usiku mmoja katika chumba kimoja cha juu, na nitakilipia. Mpaka wiki ijayo, kwaherini.